Mluzi Kwenye Redio ya Mkungu

"Kama haitumi maneno, waya wote huo ni wa nini?" Kagaruki aliuliza tena, kidole chake kikielekea juu ya migomba yangu.

"Wa kupokelea," mwanangu Ildefons akajibu. "Nimeshakwambia, mzee. Inapokea tu. Haina mdomo."

"Haina mdomo, lakini kila jioni inapiga mluzi ndani ya redio yangu. Taarifa ya habari ikianza, mluzi. Wakisoma bei ya kahawa, mluzi. Ukifunga hicho kibanda chako ukaenda kulala, kimya. Nimekuchunguza."

"Unamchungulia mwanangu?" nikauliza.

"Mimi ni mkungu, Mwalimu. Kijiji hiki chote ni kazi yangu kukichungulia."

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Kagaruki alikuwa jirani yangu na mkungu, yaani mkubwa wa kijiji chetu karibu na Rubya, na kwa miezi kadhaa alikuwa mtu pekee mwenye redio, nayo ya dukani. Kisha Ildefons akarudi. Alikuwa amefanya kazi ya simu za upepo jeshini, halafu akakaa Bukoba mjini kwa fundi mmoja aitwaye Zahoro, akijifunza kufufua redio zilizokufa. Alirudi na valvu mbili, zile taa za kioo za ndani ya redio, amezifunga kwa majani makavu ya mgomba kama mayai. Kwa hizo mbili, bati la debe, pingili ya mwanzi aliyoizungushia waya wa shaba, na betri, akajitengenezea redio yake.

Nilikuwa nimeleta kijikapu cha kahawa za kutafuna. Nikatafuna moja mbele ya mgeni kama inavyotakiwa, ili ajue hazina sumu, kisha nikamsogezea. Hakuchukua. Hapo nikajua hakuja kuzungumza.

"Mwaka huu si wa mchezo," alisema. "Unajua yanayotokea Kenya, watu wanaingia msituni kupigana na Waingereza. Kijana aliyefundishwa na jeshi kutuma maneno kwa mluzi anajifungia kibandani kila jioni, na mluzi unasikika. Mkuu wa gombolola, anayetawala vijiji vyetu vyote, akiniuliza mbona sikusema, nitajibu nini? Leo hii ninakwenda kwake. Na kutoka kwake anapelekwa Bukoba kwa bwana DC, na huko hawaulizi mara mbili."

Nilimtazama Ildefons. Nasema kweli, hata mimi mama yake nilikuwa na mashaka. Mtoto wangu alikuwa na miaka ishirini na mitano, hana mke, hanywi rubisi na wenzake, na mlango wa kile kibanda alikuwa anaufunga kwa ndani. Nilikwisha kumwuliza kwa nini anaufunga. Alisema ni kwa sababu ya mbuzi.

"Tutaijaribu," nikasema. "Sasa hivi, kukiwa na mwanga."

"Kuijaribu vipi?"

"Wewe ubaki hapa na Ildefons, umsimamie. Mimi ninakwenda kwako kusikiliza redio yako. Kila akizungusha kile kifundo chake, wewe piga debe. Nikisikia debe na mluzi pamoja, tutajua."

"Mke wangu anaweza kusikiliza."

"Mkeo simwamini."

"Na mimi simwamini mwanao."

"Ndiyo maana wewe unabaki hapa."

Akacheka kidogo, bila furaha, akakubali. Ildefons alinifuata hadi mlangoni. "Mama, usihangaike. Redio ya kupokea haiwezi kutuma."

"Basi hutaogopa debe."

Alistidia, mke wa Kagaruki, alikuwa anamenya ndizi barazani. Alishangaa nilipomwambia afungue redio ya mumewe. "Hairuhusiwi kuguswa asipokuwepo."

"Amenituma mwenyewe. Fungua."

Lilikuwa sanduku zuri la mbao, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama altare. Likapata moto polepole, halafu muziki wa Nairobi ukatoka, mtu akiimba na gitaa. Tukakaa. Sikusikia kitu kingine. Nilianza kujisikia vizuri, hata nikachukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya.

Debe likalia ng'ambo ya migomba. Papo hapo mluzi ukaingia kwenye wimbo, mwembamba, ukapanda ukashuka kama mtu anayetafuta njia gizani. Debe likanyamaza. Mluzi ukafa. Debe tena, mluzi tena. Nikaweka kisu chini.

"Ni kila siku hivi," Alistidia alisema. Kisha akainama karibu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Mwalimu. Ukisema hukusikia kitu, na mimi sikusikia."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini umdanganye mumeo kwa ajili yangu?"

Aliendelea kumenya. "Akienda gombolola anarudi mkubwa zaidi ya alivyoondoka. Unakaa naye wewe? Mimi ndiye ninayekaa naye."

Maneno yake yalikuwa na akili. Lakini mtu anayekupa uongo leo, kesho anajua ulikouficha. Nilimfikiria akiwa amekasirishwa na jambo lolote, kuku wangu kwenye maharage yake, na kumwambia mumewe usiku ule ule kwamba mwalimu alisikia, akanyamaza. Hapo isingekuwa redio tu. Ingekuwa mama na mwana, wote wawili, wana siri.

"Nitakujibu nikifika nyumbani," nikamwambia.

"Kule utakuwa umeshamjibu yeye."

Nilirudi kwa njia ya mpakani. Kati ya kibanja chetu, yaani shamba letu la migomba, na chao kuna safu ya milamula, ile miti myembamba ya mpaka ambayo hakuna anayeigusa bila mashahidi wa pande zote mbili. Nikasimama. Waya wa Ildefons ulitoka kibandani, ukapita juu ya migomba, ukafungwa kwenye mlamula mmoja. Kwenye mlamula uliofuata, umbali wa kunyoosha mkono, ulifungwa waya wa Kagaruki.

Nikaelewa walichofanya, kila mmoja peke yake. Waya wa redio unataka mti mrefu usioondoka. Mgomba ukishatoa mkungu wa ndizi unakatwa. Mbuni wa kahawa ni mfupi. Katika vibanja vyetu mti pekee ambao hakuna atakayeukata ni wa mpaka. Wote wawili walikuwa na akili moja, na wote wawili walitundika waya wao kwenye mti ambao babu zao waliuapia, bila kumwambia mwenzake. Ndiyo maana hakuna aliyeutaja. Kagaruki alionyesha kidole migomba yangu asubuhi nzima, na hata mara moja hakuonyesha mpakani.

Niliwakuta wote wawili ndani ya kibanda, Kagaruki bado ameshika debe.

"Ulisikia?" akauliza.

Ildefons alikuwa ananitazama kwa uso mtulivu wa mtu anayejua jibu. Huo uso ndio ulionipa jibu langu la kwanza: hakuwa anajua. Mtu aliyekuwa anatuma kitu asingezungusha kile kifundo mara mbili mbele ya mkungu.

"Nilisikia," nikasema. "Mluzi. Mara zote mbili."

Uso wa mwanangu ulibadilika. Akaishika redio yake kama mtu anayemshika mtoto mwenye homa. "Haiwezekani," alisema, kisha akasema taratibu, si kwetu, "Labda inawezekana. Valvu ni mbili tu, sauti ni ndogo. Kwa hiyo ninairudisha sauti ndani ya valvu ya kwanza ipate nguvu. Nikizidisha, inaanza kulia yenyewe. Mimi ninaisikia kwenye visikilizio vya masikioni, ninapunguza. Sikufikiri inatoka nje. Kama inatoka, inapita kwenye waya, na waya wa jirani unaidaka."

"Amekiri," Kagaruki alisema.

"Amekiri mluzi. Umesikia maneno?"

"Jeshini mluzi ndiyo maneno. Mrefu, mfupi, mrefu." Akamgeukia Ildefons. "Unazijua hizo?"

"Ninazijua."

"Basi." Kagaruki akaweka debe chini. "Ninakwenda kuvaa kanzu na koti. Siwezi kufika gombolola hivi."

"Na waya wako uko wapi, waitu?" nikamwuliza kwa heshima.

Alisimama kidogo mlangoni. Alikwenda, na nikajua kwamba sasa atakwenda upesi zaidi, asitanguliwe na habari ya mlamula.

"Mama," Ildefons alisema, "kwa nini hukusema hukusikia?"

"Kwa sababu nilisikia."

"Atanifunga."

"Akifika yeye kwanza, ndiyo. Atasema tulikataa, akatukamata. Zima hicho kitu. Betri na visikilizio utabeba wewe."

"Twende wapi? Mama, basi tuseme inapokea tu, mkuu wa gombolola hajui redio..."

"Nyamaza, ubebe."

Nilikunja khanga nikaweka kata kichwani. Redio haikuwa nzito, ila valvu zilikuwa zinagongana, nikatembea kama nimebeba maji. Sikubadilisha nguo. Nilikuwa na matope ya mpakani miguuni na maji ya ndizi mikononi. Tulipita mbele ya nyumba ya Kagaruki. Kupitia dirishani nilimwona ananyoosha kanzu kitandani, na Alistidia anatafuta koti kwa utaratibu mkubwa, kama hajui lilipo.

Tulipofika, mkuu wa gombolola alikuwa kwenye kiti chake barazani, na wazee wawili. Aliniangalia kichwani, kisha miguuni.

"Mwalimu. Umebeba nini?"

Niliitua redio mezani mbele yake, kabla sijakaribishwa kukaa.

"Redio ya mwanangu," nikasema. "Inatuma. Hatukujua mpaka leo. Kinachotoka ni mluzi, na waya wake umefungwa kwenye mlamula wa mpaka bila mashahidi. Wa Kagaruki pia. Ildefons, unganisha betri, mkuu avae visikilizio asikie mwenyewe."

Ildefons alipiga magoti, akaanza kuunganisha.