Matanga ya Kunguru wa Mwavuli

Kila mgeni anayeingia ploti yetu hapa Gatwekera, Kibera, huuliza kwa nini kuna kunguru aliyekufa ananing'inia juu ya paa la Wekulo, na kwa nini haozi. Wekulo ni mimi. Haozi kwa sababu ni wa mbao na kitambaa cha mwavuli. Nilimtengeneza kwa mikono hii hii ninayotengenezea vitanda. Wakiuliza mbona kazi yake imeisha na bado sijamwondoa, huwa nawaambia waende zao. Leo nitajibu, ila mnivumilie nianzie nyuma.

Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kuku. Mwezi wa tano nilienda Kawangware 46 kumwona Shivachi, baba yake Derrick, kijana aliyetaka kumwoa binti yangu Nelima. Tukakubaliana watakuja kwangu Desemba. Kwetu Waluhya mkwe akija mara ya kwanza anachinjiwa jogoo, na jogoo mwenyewe awe amelelewa pale nyumbani. Ukimpa wa kununua umemwambia kwamba hukumtarajia. Shivachi akaanza kunichokoza mbele ya wazee wake.

"Baba Nelima, kwani Kibera kuna kuku? Mimi najua huko ni kunguru tu."

"Kuku yangu imeangua juzi," nikasema. "Vifaranga kumi na moja. Utakula jogoo ya kwangu."

"Na ukiniletea ya soko?"

"Nikikuletea ya soko, simama uende. Harusi ingoje mwaka mwingine."

Alinishika mkono kwa hayo maneno, na wazee wakashuhudia. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nelima aliponisikia aliketi chini polepole.

"Yaani, Baba, harusi yangu iko kwa kifaranga?"

"Viko kumi na moja," nikamwambia.

Kesho yake vilikuwa tisa.

Sasa niwaeleze kunguru wa hapa, maana kuna watu wanamdharau. Si mweusi mwili mzima. Amevaa shati jeupe na koti jeusi juu, na akisimama kwenye bati, kichwa upande, utadhani ni kijana amekuja kuomba kazi benki. Halafu anashuka, anachukua kifaranga mbele ya mama yake na mbele yako, na kurudi pale pale juu kukila ukimtazama. Aliyetunga ile methali ya kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake hakuwahi kuishi Gatwekera. Kufikia mwisho wa mwezi nilibaki na vifaranga vinne, na hasira ya kutosha kijiji kizima.

Nikaanza kuwinda. Nilitengeneza manati ya mti wa mpera, nikanunua raba nzito, na kila asubuhi kabla ya kazi nilipanda juu ya paa. Ngazi yangu ni ya mabaki ya vitanda, inacheza kushoto na kulia, kwa hivyo Nelima alikuwa ananishikia. Alisimama pale chini na kikombe chake cha chai, mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza, akinielekeza.

"Baba, iko nyuma yako."

Katika majuma matatu nilipiga tangi la maji la jirani, spika ya kanisa, na mgongo wa Mulei, Mkamba anayeuza makaa mlangoni kwa ploti. Kunguru sikumpata hata mmoja. Walishanijua. Nikivuta raba, yule ninayemlenga alisogea hatua moja tu pembeni, jiwe likapita, akarudi mahali pake. Angeruka ningesamehe. Ile hatua moja iliniuma sana.

Mulei, mgongo ulipopoa, alikuja na ushauri. "Kwetu Kitui, ukiua kunguru moja uitundike kwa shamba, zingine hazirudi."

"Na kama sijaua?"

"Si wewe ni fundi," akasema. "Tengeneza."

Nilifanya kazi siku mbili, na sitaki mtu anicheke, kwa sababu ilikuwa kazi safi. Mwili ni wa msonobari, mabawa ni ya mwavuli wa marehemu mama yangu, kifua nikakipaka rangi nyeupe iliyobaki kwa mlango. Nikamning'iniza miguu juu, kichwa chini, ulimi nje. Hata Nabalayo, mke wangu, ambaye hajawahi kusifu kitanda changu, alisema huyo amekufa kabisa.

Wakaamini pia kunguru. Saa moja asubuhi alifika mmoja, akatazama, akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia. Wakafika wawili. Saa tatu paa lote la ploti lilikuwa jeusi, na wengine wamepangana kwenye nyaya za stima mpaka upande wa kijiji cha Raila, wote wakilia. Mulei alitoka na karai lake la makaa, akatazama juu, akavua kofia.

"Wekulo," akasema, "hawa wamekuja matanga."

Na matanga tunayajua. Siku ya kwanza wanakuja majirani. Siku ya pili wanakuja watu wa ukoo. Siku ya tatu wanakuja ambao hata hawakumjua marehemu. Jioni ya siku ya tatu Shivachi alinipigia simu.

"Baba Nelima, nakuambia tu. Huku 46 tumepumua. Kunguru zote zimeenda, hatujui ni wapi."

Nikamwambia Mungu ni mwema, nikakata simu.

Tena waombolezaji hawalii na njaa. Kila matanga lazima kuwe na chakula, na wale walijihudumia wenyewe. Walipotawanyika kurudi makwao nilikuwa nimebaki na kifaranga kimoja, kimejificha ndani ya kiatu changu cha kazi, kinatetemeka. Nikakishika mkononi nikaona aibu. Nelima alikitazama kama mtu anayeangalia tarehe ya harusi yake.

"Si ununue tu, Baba," akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nikakumbuka kwetu Bungoma, mama yangu alikuwa akipaka vifaranga rangi ili mwewe asivitambue. Mwenye ploti yetu, Mama Sumaya, ni Mnubi wa Makina, na kwa mikono yake anafuma tabaga, yale makawa ya ukili ya kufunikia sinia. Nilimkuta barazani kwake na sufuria za rangi zikichemka. Alinichagulia ya waridi, ile inayowaka.

"Lakini Wekulo, hii haitoki," akanionya. "Tabaga ya marehemu mama yangu iko na miaka arobaini na bado inang'aa."

Nikasema hiyo ndiyo nataka. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila si la siku hiyo.

Asubuhi kunguru alishuka, akasimama mbele ya kile kifaranga cha waridi, akaweka kichwa upande huu, akaweka upande ule. Akamwita mwenzake. Wakatazama pamoja, halafu wakaondoka wakitembea kwa miguu, kama watu walioonyeshwa bei. Tangu siku hiyo hawakukigusa. Kila nyoya jipya likitoka nililipaka, juma baada ya juma, sikuthubutu kuacha hata moja. Nelima alimpa jina la Lipstiki. Kufikia Novemba alikuwa jogoo kamili, mwenye sauti ya kuamsha Raila nzima, na wa waridi kuanzia upanga wa kichwani mpaka kucha.

Zilipobaki siku chache nilijaribu kumwosha, asinifedheheshe. Maji yalibaki safi, Lipstiki akabaki wa waridi, mimi nikabaki na jeraha la kidole.

Siku ikafika. Shivachi alikuja na wazee wanne, na Derrick. Farouk, mtoto wa Mama Sumaya, ndiye aliyechinja, ili mama yake, Mwislamu, naye aweze kula. Baada ya muda akaniita kando.

"Mzee, kuja uone. Hii kitu ni pinki mpaka kwa ngozi."

Nabalayo alikuwa ameinama juu ya sufuria. "Supu imekuwa juisi," akasema, na hakuwa anatania. Nelima alisimama mlangoni na gauni lake jipya, mikono imeshikana, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimeuza furaha ya mtoto kwa sifa zangu.

Tukapakua hivyo hivyo. Shivachi aliinua paja, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba Nelima. Hii ni nini?"

Nikasimama nikamwambia yote: manati, mgongo wa Mulei, mwavuli wa mama, tabaga. Nilipofika kwenye matanga, na siku ile aliyonipigia simu, Shivachi aliweka paja chini akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye supu.

"Hii siwezi kusema ni ya soko," akasema akijipangusa. "Hakuna soko inaweza kukubali hii."

Akala, akaongezewa ugali, akala tena.

Kisha Derrick akasimama kushukuru. Alikuwa amevaa koti jeusi na shati jeupe. Alipokuwa akitafuta maneno aliweka kichwa upande, akamtazama Nelima, na Nelima akamtazama yeye. Nikamtambua. Miezi saba nilikuwa juu ya paa nalinda kifaranga, na huyu alikuwa anapita mlangoni, tunampa chai. Moyo uliniuma, sitasema uongo. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na ilikuwa kwenye sahani yangu. Nikaichukua nikaiweka kwenye yake.

Nelima sasa yuko Kawangware. Ananipigia kila Jumapili, anacheka, anauliza habari za kunguru. Nabalayo ananiambia nimwite Mulei anishikie ngazi, nikamwondoe yule wa mwavuli, watu wanatuona wachafu. Nilimwita siku moja. Alisimama vizuri, akashika kwa mikono miwili, mtu mzito, ngazi haikucheza hata kidogo. Nilipanda vipago vitatu, nikangoja mtu aniambie kunguru yuko upande gani, kisha nikashuka.