Shahidi wa Mama Dina

Kitangari nzima inajua kwamba neno likiingia sikioni mwa Wilhelmina asubuhi, mchana limeshafika Newala mjini, na jioni linarudi likiwa limenenepa. Kwa hiyo Selestina alipoamua kumweleza habari ya viza, alimshika mkono kwanza akamwapisha kwa jina la marehemu mumewe, ambaye Wilhelmina alikuwa dada yake.

"Wifi, kwa jina la kaka yako, hili halitoki."

"Limekufa hapa," Wilhelmina akasema, akijipiga kifuani.

Selestina alikuwa na sababu. Binti yake, Dina, aliolewa ng'ambo na alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Alitaka mama yake awepo amkande na kumwogesha mtoto. Lakini viza haina mwenyewe. Mwaka jana Lameck, fundi pikipiki, alichinja mbuzi akaagana na watu, kisha akanyimwa. Mpaka leo wateja wanamwuliza kama ndege yake imeshapata tairi. Selestina hakutaka habari za tairi. Alipokwenda Masasi kupiga picha za maombi, aliaga kwamba anakwenda kung'oa jino, na aliporudi alitafuna upande mmoja siku nzima ili uongo usione haya.

Maombi aliyajaza mpangaji wake, Mwalimu Benjamin, mtu wa Bukoba. Palipotakiwa jina na simu ya mtu anayemfahamu mwombaji, Selestina alimtaja wifi yake. Hakuna mwingine Kitangari anayepokea simu kabla haijaita mara ya pili.

Simu ya ubalozi ilimkuta Wilhelmina anapepeta mtama.

"Shikamoo mama. Naitwa Ashiru, napiga kutoka ubalozini, Dar es Salaam."

"Marahaba, baba."

"Unamfahamu Bi Selestina Abrahamu?"

Hapo Wilhelmina akakumbuka kiapo.

"Selestina gani? Wako wengi."

"Wa Kitangari. Anataka kumtembelea binti yake nje ya nchi."

"Huyo hana safari. Masasi tu anafika kwa kusukumwa na jino."

"Lakini binti anaye huko?"

"Ndiyo kwanza nasikia kwako."

"Na shamba la mikorosho? Tunataka kujua kama ana cha kumrudisha nyumbani."

"Baba, sijui hata kama ana kuku."

Kesho yake, kwenye kioski cha maji, Wilhelmina alimvuta wifi yake nyuma ya tangi, mbali na foleni ya wanawake na madumu yao. Uso ulimng'aa.

"Wamekuja kunichimba, wifi. Watu wa ubalozi. Hawakupata hata tone."

Alipomaliza kusimulia, Selestina alikuwa ameketi juu ya dumu lake.

"Umesema sina binti?"

"Nimesema ndiyo kwanza nasikia. Sikudanganya sana."

"Na mikorosho?"

"Hiyo nilikunyang'anya yote."

"Wifi, hao ndio wanaotoa ruhusa. Wewe ndiye shahidi wangu. Dina atajifungua peke yake."

Wilhelmina akanyamaza. Wanawake kwenye foleni wakageuka kuangalia kulikoni. Ukimya wake hawakuuzoea.

"Uliniapisha," akasema mwishowe, taratibu. "Hukuniambia nimfiche nani na nimwambie nani. Siku moja ya maisha yangu nimefunga mdomo, ndiyo hii."

Namba ilikuwa bado kwenye simu. Wakapiga, vichwa vyao vimegusana kwenye simu.

"Mama, jana ulimkana," Ashiru akasema. "Leo unamjua mpaka jina la baba yake?"

"Jana nilikuwa na kiapo. Leo nimefunguliwa."

"Sasa nimwamini yupi, wa jana au wa leo? Hakuna mwingine anayemfahamu?"

Selestina alitazama foleni. Wanaomfahamu walikuwepo, tena wote, na vinywa vyao vyote. Akiwapa simu hii na viza ikakataliwa, watamwuliza habari za ndege mpaka anaingia kaburini. Asipowapa, Dina atakandwa na nani?

Akainuka, akamnyang'anya wifi yake simu, akaweka spika na kwenda mbele ya foleni.

"Jamani, nimeomba viza. Dina yuko karibu kujifungua. Huyu ni kijana wa ubalozi. Mwambieni mnavyonijua."

Walitazamana. Mama Zuhra ndiye aliyeanza, akiinamia simu kama anayepuliza moto.

"Mikorosho anayo, baba. Mmoja umeingia kwangu na hataki kuukata."

"Atarudi tu," Regina akadakia. "Anashika ufunguo wa kanisa, na hajawahi kumwachia mtu hata fagio."

"Na Dina ni wake, nilikuwepo anazaliwa," wa tatu akasema, kisha akamgeukia Selestina. "Kwa hiyo Masasi hukung'oa jino, Mama Dina?"

Upande wa pili Ashiru alikuwa akicheka. "Inatosha, mama zangu. Nimewasikia."

Kuanzia hapo hakukuwa na amani. Kila asubuhi foleni ilimwuliza, "Imetoka?" na kila asubuhi alijibu, "Bado," huku mgongo ukiwaka kwa macho yao. Lameck alimtumia salamu za pole mapema, asije akachelewa.

Ujumbe wa Mwalimu Benjamin ulimkuta palepale kioskini. Alikuwa Dar es Salaam kwa semina, akaagizwa kuichukua pasipoti. Aliandika kwa kifupi: viza imetoka, aanze kufunga mizigo. Selestina akausoma, akausoma tena, akaiingiza simu kwenye pindo la khanga na kuendelea kukinga maji. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza. Maji yakajaa, yakaanza kumwagika miguuni mwake.

"Wifi," Wilhelmina akanong'ona, "unasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Selestina akafunga bomba. Akafuta macho kwa kiganja chenye maji, akamwashiria kwa kidevu.

Wilhelmina akashusha dumu lake chini, akajifunga khanga upya kiunoni, akavuta pumzi.