Mapumziko ya Chembe

Mlinzi wa ghala aliujua uchovu kuliko mtu yeyote mtaani. Lindo la usiku lilikwisha kumfundisha kwamba dawa yake ni moja tu, usingizi. Basi daktari alipomweleza kuwa mjukuu wake, aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, ana chembe za kinga zilizochoka kwa kupigana tangu uchanga, hakungoja amalize. Alishukuru, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Tangu siku hiyo mtoto, Kipa kama wenzake walivyomwita kwa umahiri wake golini, alipigwa marufuku kukimbia, kuruka na hata kucheka sana. Dawa alimeza kama kawaida, lakini akitoka shule ni kitandani moja kwa moja. Babu aliketi mlangoni na rungu lake la lindo, akiwanyamazisha majirani. Muuza mkaa aliamriwa apite akinong'ona.

"Babu, mechi ni kesho kutwa."

"Chembe zako hazina mechi. Lala."

"Sina usingizi."

"Wewe huna. Zenyewe zinao."

Mzee hakuwa mkaidi wa bure. Mama yake Kipa, binti yake wa pekee, alikuwa akisema, "Nimechoka tu, baba," mpaka wakamzika. Neno hilo aliliogopa kuliko majambazi.

Ila kulinda ghala usiku na kitanda mchana si mchezo. Walipokwenda kliniki kuchukua dawa, mzee alipitiwa na usingizi kwenye benchi, mdomo wazi. Kipa akaingia peke yake kwa muuguzi, akamweleza yote ya kulazwa mchana. Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani.

Mzee alizinduka akajikuta amefunikwa sweta la shule. Kipa alikuwa amesimama kando yake, kidole mdomoni, akiinyamazisha foleni nzima.

"Wamesemaje?"

"Chembe hazipumziki kwa mimi kulala, babu. Zinapumzika dawa ikivibana virusi, na yangu inavibana vizuri. Nicheze. Wa kulazwa ni wewe."

Muuguzi, mlangoni, alitikisa kichwa kukubali.

Siku ya mechi, kipindi cha kwanza tu, Kipa alifungwa mabao manne. Akamjia babu yake pembeni mwa uwanja, magoti vumbi tupu, jasho likimchuruzika.

"Babu, nimechoka."

Lilikuwa neno lile lile la mama yake. Mzee akamtazama vizuri. Mtoto alikuwa anacheka, mkono ameunyoosha kuomba maji, na wenzake wanamwita.

"Kunywa," alisema mzee. "Halafu rudi ukachoke tena."