Risala ya Mama Mdogo Konadu

Wiki ya mazishi ya bibi, kompyuta ya nyumbani kwetu Bantama iligoma. Iliandika kwamba imejaa na haiwezi kuhifadhi hata picha moja zaidi. Lawama, kama kawaida, nilitupiwa mimi, kwa sababu ndimi niliyeshauri inunuliwe.

Bibi aliondoka akiwa mkongwe hasa, kwa hiyo hatukushona nguo nyeusi na nyekundu. Tulishona nyeupe, kama ilivyo desturi yetu kwa aliyekula chumvi nyingi. Nyumba ilijaa jamaa, vyungu na ubishi wa kila aina. Mjomba Asibey, kifungua mimba wa bibi, alikuwa amefungua bango la mazishi mara chungu nzima, akizozana na mchoraji kwa nini picha yake yeye mjomba ni ndogo. Kila alichokifungua kutoka kwenye barua pepe kiliacha nakala ya muda ndani ya mashine, na nakala hizo ndizo zilizoishibisha.

"Boatemaa, futa uchafu huo," aliniambia. "Mpiga chapa anataka risala ya watoto ya kumuaga mama leo kabla ya jua kuzama. Akiikosa, kitabu kinatoka bila risala."

Kitabu cha mazishi bila risala ya watoto, kwetu ni aibu ya kusimuliwa miaka. Watu wangesema bibi alizaa mawe.

"Kwani iko tayari?"

"Muulize mama yako mdogo."

Mama mdogo Konadu, kitinda mimba, alikuwa amejiegemeza mlangoni. "Kurasa kumi na mbili," alisema. "Kanisa zima litaazimana leso."

Mimi sifuti ovyo. Nilifunga kila kilichokuwa wazi, nikaingia kwenye folda ya faili za muda, nikazituma zote kwenye pipa la taka la kompyuta. Zilizokuwa zinatumika zilikataa, nikaziacha. Kisha nikaizima mashine na kuiwasha upya.

"Haya, mwaga pipa," alisema mjomba.

"Bado. Kila mtu afungue kazi yake kwanza, aone kama ipo."

"Mwanangu, unafuta kama mtu anayepeta mchele wa mkwe." Akatoka kwenda kuwagombeza wafunga mahema.

Mama mdogo akaketi, akatafuta, akatafuta tena. "Haipo," alisema. "Umeimeza risala ya mama yangu."

"Ulikuwa unaiandikia wapi?"

"Si kwenye barua pepe? Kaka alinitumia karatasi yenye picha ya mama. Naifungua pale pale, naandika, nahifadhi."

Hapo nikaelewa. Ukifungua kitu namna hiyo, kila unachohifadhi huenda kukaa kulekule kwenye faili za muda. Nililichungulia pipa, nikaikuta risala katikati ya mabango ya mjomba. Nikairudisha, nikaihamishia kwenye folda yake mwenyewe, nikaifungua.

Juu kulikuwa na picha ya bibi. Chini yake maneno mawili: Mama alikuwa.

Niliteremka hadi mwisho wa ukurasa. Hapakuwa na kingine.

"Kila siku naandika," mama mdogo alisema polepole, "na kila siku nafuta. Nikiimaliza hii, basi mama amekufa kweli."

Nilimwonea huruma. Na huko uani mjomba akapaza sauti: "Ipo?"

"Ipo, mjomba. Naipanga kidogo tu." Nikafunga mlango.

"Mama mdogo, usiandike. Niambie mimi. Bibi alikuwaje?"

Akafikiri. "Mchokozi. Kule kwenye kibanda chake cha kuuzia madonge ya kenkey aliwaita wateja kwa dosari zao. Yule Chongo, yule Mkopaji, yule Asiyeoga. Na kesho yake walirudi wote."

Nikaandika. Akacheka, akanisahihisha, akalia kidogo, akaendelea. Alipofika kwenye siku bibi alipomfukuza mposaji kwa mwiko, akanisukuma nitoke kitini, akachapa mwenyewe. Ndipo nikalimwaga pipa, nafasi ikapatikana.

Jua halijazama, mjomba akaja kuichukua. Akahesabu.

"Kurasa tatu? Si mlisema kumi na mbili?"

Mama mdogo akainama.

"Nyingine nimezifuta mimi," nikasema. "Kwa bahati mbaya."

Mjomba alinigombeza mbele ya wageni wote, na mama mdogo, bila haya hata kidogo, akamsaidia.