Maziwa ya Masisi

Kibuyu cha maziwa ya mgando kilikaa mezani na hakuna aliyekigusa. Thérèse alikipakata njia nzima kutoka Masisi, kwani kwao mtu aliyetoka hospitali huonwa kwa maziwa. Mkazamwana wake, Clarisse, akakisogeza mbali na binti yake, Patricia, kana kwamba ni kaa la moto.

"Hanywi, Mama."

"Unakataa maziwa ya ng'ombe zetu? Mutoto mwenyewe mifupa mitupu!"

Kweli, Patricia alikuwa amekonda. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilimtesa tangu uchanga, hadi alipopandikizwa uboho wa kaka yake huko India. Damu mpya ilikuwa imeanza kushika. Tangu warudi Goma, Clarisse alichemsha maji, vijiko, hata vitambaa, na mtoto akamlisha biskuti za pakiti na chai, basi. Hata hivyo tumbo lilizidi kuharisha.

Clarisse akampigia daktari Éphraïm, akaongeza sauti ya simu ili mama mkwe aisikie hukumu yake.

"Maziwa mabichi, hata yakiganda, hapana," alisema daktari.

Clarisse akainua kidevu.

"Na kuishi kwa biskuti, Mama Patricia, hapana vilevile. Dawa zilifagia tumbo lake, vijidudu wabaya na wema pamoja. Wale wema hulituliza tumbo, tena husaidia damu mpya isiugeukie mwili ulioipokea. Nao wanataka kula. Mupe maharage, viazi, ndizi. Viive sana, vikiwa vya moto. Aanze na kidogo."

"Ayi! Kumbe umemufungisha mutoto pamoja na wageni wa tumbo yake," Thérèse alisema.

Patricia akacheka. Clarisse akakivuta kibuyu karibu. Alikuwa amelinda mlango kwa ukali mno, akasahau kwamba waliomo ndani wana njaa.

Akajimiminia kikombe cha maziwa, akakimaliza chote mbele ya mkwewe, akajifuta mdomo.

"Haya ni yangu. Sasa twende jikoni, Mama. Maharage yako siyawezi."

"Leo ndiyo umejua?"

"Leo."

Yalipoiva, Patricia alikula taratibu, akakwangua sahani.

"Koko, iko ingine?" akamuuliza bibi yake.

"Kidogo tu," Clarisse alionya.

Thérèse akachota upawa uliojaa, akauongezea mwingine. Clarisse aliuona vizuri sana. Akageukia dirishani, akaanza kukunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.