Wabwile Alala Chali

Mwaka wa 1947 Wabwile alirudi nyumbani Bokoli kutoka Kitale mgongo umekufa, kwa kubeba magunia ya mahindi kwenye shamba la mzungu. Kuinama hawezi, kulima hawezi. Mama mkwe akatuma habari kwamba mvua ikianza kabla jembe halijaingia shambani, atakuja kumchukua binti yake Nakhungu, asife njaa kwa mtu asiyejiweza. Wabwile akakosa usingizi, maana alimpenda Nakhungu.

Aliyejitokeza kumsaidia ni rafiki yake Walubengo, ambaye baada ya kuumia vitani Burma alinyooshwa mgongo katika hospitali ya jeshi.

"Lala chali, bana," alimwambia. "Vuta kitovu iende kwa mgongo. Pumua. Sasa inua miguu, lakini polepole."

Wabwile aliona haya. Mwanamume aliyetahiriwa bila kupepesa jicho, leo alale mkekani akichezesha miguu hewani? Lakini shida haichagui, akawa anafanya kila asubuhi, kaptula tu mwilini, mkewe akienda kisimani. Maumivu yalipungua, ila kuinama alikuwa bado anaogopa kujaribu.

Siku mawingu yalipotanda mlimani, mama mkwe alifika. Mila ilimkataza kukanyaga nyumba ya mkwewe, sembuse kumwona bila shati. Alipokuwa uani akasikia ndani, "Huuu! Huuu!" Akadhani mtu anakata roho. Akasahau mila, akasukuma mlango.

Akamkuta mkwewe chali, miguu juu.

Wabwile hakungoja salamu. Alichumpa wima, akapenya dirishani, akaruka ua wa ng'ombe na kutokomea kwenye migomba. Huko mwiba ukamchoma. Akainama kuuchomoa, na ulipokuwa mkononi ndipo alipogutuka kwamba ameinama. Mgongo haukuuma hata kidogo. Nusura alie kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba mama mkwe amekuja kumchukua mkewe.

Baadaye Nakhungu alimfuata, shati mkononi.

"Mama ameenda," alisema.

"Na wewe?"

"Ameniacha. Ati mtu wa kuruka dirisha hivyo, jembe haiwezi kumshinda."

Wabwile akaketi chini pale pale, mzigo wote umemtoka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ngoja, hajamaliza," Nakhungu akasema, akimvalisha shati. "Amesema tukimaliza shamba yetu, uende ulime yake."