Mei Ni Mbali

Eustadia alikuwa akipalilia tumbaku yake huko Goweko simu ilipolia. Alikuwa binti yake Skola, aliyeolewa Viena, mwenye mimba ya miezi saba.

"Shikamoo mama. Usije Januari kama tulivyopanga. Theluji huku inafika magotini, na wewe una pumu. Njoo Mei, miti imechanua na jua linawaka. Kila mtu anasema ndio wakati mzuri."

"Marahaba. Na mtoto anazaliwa lini?"

"Januari hiyohiyo."

Eustadia akaweka jembe chini. Sauti ya Skola ilikuwa nyembamba, kama ile ya mwaka juzi mimba yake ya kwanza ilipoharibika.

"Daktari kasema nini, mwanangu?"

Skola akaangua kilio. "Kasema nisinyanyuke kitandani. Mama, naogopa."

"Basi hiyo Mei ni ya watalii. Mimi nakuja Januari."

Kusema ni rahisi. Alinunua koti zito la mtumba mjini, mtaa wa Kanyenye, akalijaribu nyumbani mpaka jasho likamtiririka, na bado akahofu ni jepesi.

Aliposhuka Viena baridi ilimbana kifua, akavuta dawa yake mara mbili kabla ya kuifikia teksi. Skola alikuwa amelazwa hospitalini, tumbo bado liko juu. Eustadia alipuliza viganja vyake vipate joto, ndipo akamgusa. Mtoto akacheza.

Siku ya tisa tangu afike, alizaliwa msichana, mdogo mno, lakini kilio chake kilisikika wodi nzima.